Binti Yangu wa Miaka Themanini

Wapendwa wenzangu wa ngumbaru,

Tangu nirudi sina raha. Nikipita sokoni mnaniita, nikiketi kanisani mnanikonyeza, na kwenye kikundi chetu cha simu mmejaza alama za kuuliza utadhani mnasahihisha insha yangu. Basi leo nimefunga mlango na ninayaandika yote mara moja, ili mniache nile kwa amani. Mambo ya tiketi, viza na kupigwa picha za pasipoti nayaruka. Hayana utamu hata kidogo.

Kwa wale mliojiunga na masomo ya jioni sisi wengine tukiwa tunamaliza, na hamjawahi kuelewa kwa nini Mjaluo wa Sondu anaitwa Tapley, nieleze kwanza. Zamani soko letu lilikuwa na duka la Mwingereza, Edmund Tapley, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa Bristol. Alinunua ngozi, akauza blanketi na taa za chemni. Hakuoa, hakuzaa. Baba ya babu yangu alikuwa mkono wake wa kulia dukani, na Mwingereza huyo alipofariki, alizikwa kwetu.

Miaka ikapita, nikazaliwa mimi, nikaanza kulia. Nyanya anasema nililia mpaka ng'ombe wakakatika maziwa na ndege wakahamia Kericho. Kwetu mtoto mchanga akilia hivyo, inajulikana kuna marehemu anayetaka jina lake liitwe tena. Basi wanakaa kumtajia mtoto majina, moja baada ya jingine, na atakaponyamaza, hilo ndilo. Nyanya alitaja wafu wote wa ukoo, nikalia. Akaingia kwa majirani, nikazidi. Mwisho, kwa kuchoka tu, akasema, "Au ni wewe, Bwana Taple?" Nikanyamaza. Nyanya anaapa kwamba hata nilipiga chafya ya shukrani.

Tangu hapo mimi ndiye Taple. Sikuitwa hivyo kwa kumkumbuka Mwingereza, la. Kwa Nyanya, mimi ndiye yeye, amerudi. Mpaka leo ananipa chai yenye sukari nusu kikombe kwa sababu, anasema, hivyo ndivyo nilivyoipenda kabla sijafa.

Sasa, dada yangu mdogo Akinyi ni nesi huko Doha, na kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mwaka huu alipewa mgonjwa wa moyo katika mtaa wa Al Wukair, bibi wa Kiingereza wa miaka themanini anayeishi na mwanawe Peter, mwalimu. Jina la bibi: Dorothy Tapley. Baba yake alikuwa kaka mkubwa wa Edmund. Huyu bibi ametumia uzee wake wote kuchimbua habari za ukoo wake, na pale alipofika kwa Edmund njia ikakatika. Akinyi akamwambia kwamba kaka yake wa Sondu anaitwa Tapley. Bi Dorothy karibu aruke kitandani na nyaya zote za kupimia moyo.

Akinyi akanipigia simu. "Taple, huyu mama anafanyiwa upasuaji wa moyo. Peter ana jina la baba yake, kwa hiyo mama huyu ndiye Tapley wa mwisho aliyebaki. Anasema hataki kuingia chumba cha upasuaji akiwa wa mwisho duniani. Anataka akuone kwanza."

"Mwambie baba yake mdogo anakuja," nikasema.

Akinyi alicheka, akadhani ni mzaha wangu wa kawaida, na hakuufikisha ujumbe. Hapo ndipo mambo yote yalipoanza kwenda kombo.

Sondu hadi Nairobi, juu ya mananasi

Binamu yangu alikuwa anapeleka mananasi Nairobi, akanipa nafasi kwenye lori lake. Alisema tutafika kabla ya adhuhuri. Hakusema ni adhuhuri ya siku gani. Kila palipokuwa na mwanamke mwenye karai, binamu alisimama "kidogo tu", na kidogo yake ilitosha mtu kulima na kuvuna. Kufika Naivasha nilikuwa nimeketi katikati ya mananasi kama chifu wa mananasi, suruali yangu ya harusi imelowa, nyuki wananifuata kwa heshima.

Kwenye mapaja yangu nilikuwa nimeshika mfuko wa Nyanya. Ndani yake kulikuwa na omena wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa kutosha kulisha kambi ya jeshi, na njugu za kukaanga. Nyanya alikuwa amenisindikiza mpaka barabarani akanipa na ujumbe wa mdomo: "Ukifika kwa watu wako, waambie nyumba bado ina paa." Mimi niliitikia tu ndiyo, ndiyo, akili yangu iko kwenye ndege. Sikujua kwamba mzigo mzito niliobeba ulikuwa huo, wala si omena.

Nairobi hadi Doha, pamoja na omena

Ndege ilichelewa. Tuliambiwa ni jambo dogo la ufundi, nami kama fundi baiskeli najua hakuna jambo dogo la ufundi kwenye kitu ambacho huwezi kushuka ukasukuma. Tukapewa sambusa na soda, tukakaa sakafuni, na kabla ya kuruka nilikuwa nimeshapata rafiki: Ssali, mpishi wa Kiganda anayerudi hotelini Doha, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo.

Angani nilimsimulia safari yangu. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye binti yangu wa miaka themanini, akageuka akanitazama kama mtu anayetazama sufuria inayofurika.

"Ssebo," akasema taratibu, "na yeye huyo mama anajua kuwa wewe ni baba yake?"

"Baba mdogo," nikamsahihisha. "Mbona asijue? Jina si ndilo hilo?"

Ssali akaomba mkate mwingine. Leo naona mtu huyo alikuwa na hekima kuliko bei ya chakula chake.

Doha tulishuka kwenye uwanja unaong'aa hata nikaona aibu kukanyaga. Kwenye forodha, ofisa kijana alifungua mfuko wa Nyanya. Akarudi nyuma. Akamwita mwenzake, naye akarudi nyuma. Harufu ya ziwa ilikuwa imetembea mpaka mwisho wa foleni, na familia moja ikahama mstari. Ssali akajipenyeza, akawaeleza kwa Kiarabu cha jikoni kwamba kwao Uganda hiki ni chakula cha heshima, kinaitwa mukene, na huyu jamaa anampelekea mgonjwa. Yule ofisa akachukua omena mmoja kwa ncha za vidole, akamnusa kwa makini, kisha uso wake ukalegea. Ssali akanitafsiria: babu yake alikuwa mzamiaji wa lulu, na nyumba yao ilinuka hivi hivi. Akafunga mfuko mwenyewe, kwa fundo zuri kuliko la Nyanya, akanipungia mkono nipite.

Nje, joto lilinipiga kofi la uso. Soli za viatu vyangu ziliomba radhi. Nyuki wangu wa Naivasha wangekuwa wamekaangika.

Uwanja wa ndege hadi Al Wakrah, bila familia

Akinyi alikuwa kazini, akaniachia maelekezo: panda metro, badilisha mahali fulani, shuka Al Wakrah mwisho wa reli. Treni za Doha hazina dereva. Hakuna mtu mbele, mnajiendesha kwa imani. Niliona behewa moja lina nafasi nzuri, viti vya kitambaa, watoto watulivu, nikaingia nikajitandaza na mfuko wangu.

Akaja askari wa treni, na kwenye kifua chake nikasoma jina la Kiluhya. Nikafurahi. Yeye hakufurahi.

"Buda, hii ni behewa ya familia. Uko na familia?"

"Ndiyo," nikasema. "Wako Al Wukair."

"Hapa. Ndani ya treni."

"Wananingoja huko."

Alipumua kama mtu aliyepewa zamu mbili. "Mzee, hapa mwanaume pekee yake si familia. Songa hiyo ingine, na hiyo samaki yako isonge pia."

Nikasonga. Nilisimama njia yote nimebanwa na vijana wa kazi kutoka kila nchi unayoijua na nyingine zilizoanzishwa juzi, na nikawa natafakari maneno yake. Mwanaume pekee yake si familia. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa babu, mjukuu, mume wa mtu na Mwingereza, yote kwa wakati mmoja, na hana haja ya behewa.

Al Wakrah ni mji wa pwani, na Akinyi anaishi hapo na manesi wenzake wa Kenya. Walinipokea kwa wali, kuku na maswali. Nilipooga, maji ya bomba la baridi yalitoka ya moto, na nilipofungua la moto sitaki hata kuwasimulia. Akinyi alinikagua kama mgonjwa.

"Umefika salama. Sasa nisikilize. Kesho uwe mtulivu. Huyu mama moyo wake si wa kuchezewa. Mwambie ukweli tu."

"Mimi tena nidanganye?"

Manesi wote walicheka kwa pamoja, hata wale wasionijua.

Al Wakrah hadi Al Wukair, kupitia nyumba isiyo yenyewe

Kesho yake Akinyi alitangulia kwa mgonjwa, nami nikachukuliwa na dereva Wafula, mtu wa Bungoma anayewabeba manesi hawa kila siku. Kwanza alisimama mbele ya mkahawa mdogo akapiga honi, na bila aibu akapiga tena. Nikamwomba msamaha kwa niaba yake mtu aliyetoka mbio. Kumbe ndivyo chai inavyoagizwa huko. Hushuki. Unapiga honi, unaletewa karaki dirishani, chai ya maziwa iliyochemshwa na iliki mpaka ikasahau kwao. Nikaionja. Sukari yake, wenzangu, ilikuwa ya Nyanya kabisa. Nikasema moyoni, kumbe Bwana Taple hapa angeishi.

Al Wukair ni mtaa mpya, nyumba za rangi ya mchanga zimepangwa kama matofali kwenye tanuri, ukiona moja umeziona zote. Wafula alizunguka mpaka simu yake ikakata tamaa kumwelekeza. Akasimama mbele ya geti moja lililo wazi. "Nadhani ni hapa," akasema. Mimi sikungoja nadhani. Nikaingia na mfuko wangu, nimenyoosha kola.

Ndani kulikuwa na sebule kubwa, mazulia na mito ukutani pande zote, na wanaume waliovaa kanzu nyeupe kuliko dhamiri yangu. Mzee mmoja akasimama, akanishika mkono, akanikalisha kando yake kama mtu aliyekuwa akingojwa. Nikaletewa tende. Nikaletewa kahawa nyepesi ya rangi ya dhahabu, kikombe kidogo kama kizibo. Nikanywa. Kikajazwa. Kwa adabu nikanywa tena. Kikajazwa. Mimi nilidhani ni dharau kukiacha kimejaa, na yule mwenye birika alidhani Mwafrika huyu katoka jangwani. Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma ya tarumbeta kabla Wafula hajaingia kunitafuta.

"Tikisa kikombe, Bwana Tapley," akaninong'oneza. "Usipotikisa utakunywa mpaka Ramadhani."

Nikatikisa, nikaokolewa. Mzee akauliza kwa upole natafuta nyumba ya nani. Wafula, ambaye nilikuwa nimemsimulia kila kitu njiani, akatafsiri neno kwa neno: anamtafuta binti yake. Mzee akauliza binti ana umri gani, huenda watoto wake wanamjua. Wafula akasita, akasema: themanini.

Sebule nzima ilinitazama. Mzee alinikagua kuanzia kipara changu kichanga mpaka viatu, kisha akauliza ni Mungu yupi kwetu anayewapa watu afya namna hii. Nikamweleza habari ya jina na kulia. Alisikiliza kwa makini kuliko wote niliowahi kuwasimulia. Akagonga kifua chake, akasema yeye naye amepewa jina la babu yake, na babu yake la babu yake. Halafu akanyanyuka mwenyewe mpaka getini, akatuonyesha kwa fimbo nyumba ya Waingereza: ya pili kutoka hapo.

Mezani kwa Bi Dorothy

Bi Dorothy alikuwa amesimama mlangoni. Mwembamba, nywele nyeupe, macho makali kama ya mwalimu wetu wa hesabu. Hakunipa mkono. Alinishika uso mzima kwa mikono miwili.

"Peter, tazama," akasema. "Masikio ya Tapley."

Peter, mrefu na mwenye haya, akayatazama masikio yangu, akasema labda. Masikio haya ni ya mama yangu na kila mtu Sondu anayajua, lakini mgeni hubishani naye kuhusu masikio siku ya kwanza.

Kisha akanionyesha mti wa ukoo. Wenzangu, mti ule ulikuwa mrefu kama reli. Aliuchora kwenye karatasi ya kubandika ukutani, ukaanza mlango wa mbele ukaishia jikoni. Kila jina lilikuwa na bidhaa yake. Wa kwanza aliuza mishumaa, na wanawe vifungo. Wajukuu wakaingia kwenye sufu na chai, mmoja akapoteza meli nzima ya sukari, na nilimhurumia sana. Tukatembea na karne zao mpaka tukafika kwenye friji, na hapo kulikuwa na ndugu wawili tu: Arthur na Edmund. Chini ya Arthur, Dorothy. Chini ya Edmund, alama ya kuuliza kwa penseli, na chini yake nafasi nyeupe, kubwa, ya kutosha kuandika kijiji.

"Nimekuachieni nafasi," Bi Dorothy akasema.

Nikatabasamu, maana sikuelewa. Akinyi, ambaye alikuwa anakaanga omena jikoni, aligeuka haraka. Yeye alikuwa ameelewa.

Tukala kwanza. Kulikuwa na wali wa Kiarabu na nyama alioununua Peter, ugali wa Akinyi, na pai ya viazi aliyoioka Bi Dorothy kwa mikono yake ingawa daktari alimkataza kusimama. Omena aliwachukua kwa uma, mmoja mmoja, akianza na kichwa. Akaongeza. Aliniuliza kama kwetu mvua ni nyingi, kama duka bado lipo, na kila nilichojibu alikipokea kama zawadi. Sijawahi kusikilizwa hivyo, na mnajua napenda kusikilizwa. Nikampa chumvi ya kutosha: mto Sondu nikaupanua mara tatu, duka nikaliongezea ghorofa.

Tulipomaliza, Peter akaleta kisanduku kidogo, ndani yake kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha buluu. Akakiweka kati yangu na mama yake. Akasema kwa haya, "Ukiwa tayari, tafadhali. Unatema mate tu. Mama amengoja sana."

Sasa naomba mnielewe. Kwetu mate ya mzee ni baraka. Mtu akienda kwenye jambo zito, mtihani, safari au hospitali, mzee wake humtemea mate kidogo, naye huenda kifua mbele. Nyanya ameniharibia mashati mangapi kwa baraka. Na hapa mbele yangu yuko binti wa kaka yangu, moyo wake utafunguliwa kwa kisu, na mwanawe mwenyewe ananiomba niteme mate. Nikasema moyoni, kumbe wananijua mimi ni nani, hata Ssali alikosea.

Nikasimama. Nikafunga vifungo vya koti. Nikaweka mkono juu ya kichwa cheupe cha Bi Dorothy, nikamtemea mara tatu, phu, phu, phu, kwa uangalifu na upendo mwingi. "Binti yangu," nikasema, "nenda na urudi."

Peter alikuwa amesimama, uso wake umegeuka rangi ya nyanya mbivu. Akinyi alijifunika uso kwa taulo ya vyombo, na mabega yake yakawa yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa kazi aliyoona inapotea.

Bi Dorothy alivua miwani. Akaifuta taratibu kwa pindo la kitambaa cha meza. Akaivaa.

"Umeniita nani?"

"Binti yangu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu Arthur."

"Na wewe ni nani?"

Hapo Akinyi akatoka kwenye taulo akajaribu kueleza, lakini Bi Dorothy akainua kidole. Alitaka kusikia kwangu. Basi nikamweleza: kilio, ng'ombe, majina, chafya, na mate ya baraka. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimulia bila kuongeza kitu, na ikatoka fupi ajabu.

Akasema, "Kwa hiyo Edmund hakuzaa."

"Hakuzaa, mama."

"Wewe si damu yetu."

"Si damu."

Akageuka akaitazama ile nafasi nyeupe pale kando ya friji. "Basi nimebaki mimi," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma saa. Peter akamshika bega. Nilitamani ile ndege ya jambo dogo la ufundi ingenirudisha Nairobi.

Halafu akauliza, sauti chini: "Baba alikufa akiuliza kitu kimoja. Alikuwa anauliza kama Edmund alikufa peke yake. Unajua?"

Ndipo nikakumbuka ujumbe wa Nyanya.

Nikamwambia anavyosimulia Nyanya, aliyekuwa bibi harusi mpya wakati huo. Ilikuwa masika, barabara imekatika, homa ikampata Edmund. Baba ya babu yangu alimhamishia kwetu, akalala naye chumba kimoja mpaka mwisho, na kilio kilipopigwa soko lote lilikuja. Lakini kukawa na tatizo. Kwetu mwanaume mzima hawezi kuzikwa nyumbani kama hana nyumba yake mwenyewe hapo. Huzikwa kama mpita njia. Na huyu alikuwa analala nyuma ya duka. Basi wazee wakakaa, wakasema huyu si mpita njia. Asubuhi wakakata miti, wanawake wakachota udongo, wengine wakaleta nyasi, na kabla jua halijatua alikuwa na nyumba. Akazikwa kando yake, kama mtoto wa boma. Nyumba ile imeezekwa upya kila ilipochoka, na Nyanya husimamia mwenyewe, akitukana mafundi.

"Amenituma niwaambie," nikasema. "Nyumba bado ina paa."

Bi Dorothy aliweka mkono mdomoni. Kisha akamuuliza Akinyi kwetu ndugu mdogo wa baba anaitwaje. Akinyi akamwambia. Akalijaribu mdomoni mara mbili, kama anaonja moto wa chai, akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamerudi yale ya mwalimu.

"Baba mdogo," akasema. "Mbona hukuandika? Kila posta ilipokuja, kaka yako alikwenda mlangoni. Mpaka uzeeni. Kila siku mlangoni."

Nilitaka kucheka, nikaona hachekeshi. Wala hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri mimi ni fundi baiskeli wa Sondu. Alikuwa na swali la miaka mingi na hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza. Nikaangalia viatu vyangu.

"Barabara ilikuwa mbovu, binti yangu," nikasema. "Halafu nikaona haya, kwa kukaa sana."

Alinitazama. Pembe ya mdomo ikaanza kucheza. Akacheka mpaka Peter akakimbilia maji, na Akinyi akamshika mkono kumpima mapigo, huku naye anacheka na kulia. Alipotulia akachukua raba, akafuta ile alama ya kuuliza, na mahali pake akaandika kwa penseli: Sondu. Ana nyumba. Kisha chini yake, pale pa kijiji, akaandika jina langu lote, akalizungushia duara, na hakulivutia mstari wowote. Peter akauliza afanye nini na kile kichupa, ambacho kumbe kilikuwa cha kupimia undugu wa damu. Akaambiwa akirudishe kwenye droo.

Halafu aliinamisha kichwa. "Rudia ile," akasema. "Sasa najua ni ya nini."

Kurudi

Siku ya upasuaji nilikaa na Peter kwenye ukumbi wa hospitali. Alininunulia karaki, akaipulizia muda mrefu, hatimaye akauliza, bila kunitazama, yeye sasa ni nani kwangu. Nikamwambia ni mjukuu wangu, na kwamba kwetu babu na mjukuu wanaruhusiwa kutaniana matusi yote. Akafikiri. Akasema masikio yangu hayafanani na ya mtu yeyote ambaye yeye amewahi kumwona, na kwamba ni bahati njema kwa ukoo wake. Nikajua tumeelewana. Daktari alipotoka na habari njema, Peter alinikumbatia hata chai ikamwagika kwenye suruali ile ile ya mananasi.

Safari ya kurudi sina la kusimulia, nililala njia yote. Nyanya alinipokea kwa chai. Akauliza watu wangu nimewaachaje. Nikasema salama. Akauliza kama nilifikisha ujumbe. Nikasema ndiyo. Akaongeza sukari.

Kwa hiyo msinilaumu kwamba nimechelewa kuwaandikia. Kabla yenu kulikuwa na mtu aliyetangulia kungoja. Usiku wa kwanza tu nilipofika nilikaa nikaandika, kwa mkono, kwa Kiingereza chote nilichofundishwa jioni na kingine nilichotunga, nikatia stempu na kuipeleka posta ya Sondu, maana ya simu isingehesabika. Ilitembea wiki nyingi. Sijui ilipitia mananasi gani.

Jana Akinyi amenitumia picha. Bi Dorothy amesimama kwenye mlango wa nyumba ya Al Wukair, ameegemea fimbo, bahasha imefunguliwa mkononi. Na chini yake maneno aliyomwambia Akinyi aniandikie: "Baba mdogo, barua yako imechelewa sana. Nilikuwa mlangoni."